Kahawa ya Baba, Maharage ya Mama

Vijana wangu, leo sina hadithi ya sungura wala ya fisi. Nina kesi.

Mwaka 1988, wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, bibi mmoja aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba. Shamba lenyewe lilikuwa la ukoo, naye aliachiwa na baba yake kwa wosia, wosia halali kabisa. Bibi alikuwa amezeeka, nguvu zimemwishia, na hakuwa na mtu wa kumtunza. Akamuuzia mtu asiye wa ukoo wao kwa shilingi 300,000, apate fedha za kujikimu katika siku zilizomsalia.

Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, hakukubali. Alikwenda Mahakama ya Mwanzo kudai kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Na hakuwa anaota. Mila hizo zilikuwa zimeandikwa na kutangazwa na serikali mwaka 1963: binti anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, alime na kula, lakini kuuza hana ruhusa. Kaka yake angeuza, ndugu wangekuwa na haki ya kuikomboa tu kwa kumrudishia mnunuzi bei yake. Dada akiuza, mauzo ni bure. Mahakama ya Mwanzo ikamwambia bibi arudishe fedha za watu.

Kesi ikapanda. Mahakama ya Wilaya ikapindua uamuzi, mpwa naye akakata rufaa, mpaka faili likafika Mahakama Kuu mjini Mwanza mbele ya Jaji James Mwalusanya. Februari 1990 jaji alitoa hukumu ambayo wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo. Alisema Katiba yetu, iliyotiwa haki za binadamu mwaka 1984, hairuhusu sheria moja kwa mwanamume na nyingine kwa mwanamke. Binti ana haki ya kurithi na kuuza sawasawa na kaka yake. Mpwa akiitaka ardhi ya ukoo, atoe shilingi 300,000 zilezile aikomboe, kama ambavyo angetakiwa kufanya iwapo muuzaji angekuwa baba mdogo badala ya shangazi.

Wanasheria huisimulia kesi hii kama habari ya Katiba, na wana haki yao. Mimi nikiisoma naona jambo la chini zaidi, la jikoni. Bibi yule alikuwa na mali lakini hana fedha, na ukoo ulikuwa unamwambia kwamba mali ile ni yake kwa jembe tu, si kwa mfuko. Ninachotaka mkielewe leo ni hicho: shamba likiwa la mtu kwa jembe tu, fedha zake zinakwenda wapi?

Twendeni kibanjani.

Kwa msiofika Kagera, kibanja ni shamba linaloizunguka nyumba. Migomba imesimama juu, mibuni imejibanza chini yake, na katikati ya mibuni mama amepanda maharage. Ukisimama mlangoni huoni kitu ila majani. Mbali kidogo na nyumba inaanza rweya, ardhi ya nyasi yenye rutuba haba, ambako kina mama hulima vishamba vya njugu mawe, karanga na mihogo, msimu huu hapa, msimu ujao pale. Sasa tazameni mgawanyo ulivyokaa. Kibanja, chenye samadi na maganda ya ndizi ya vizazi na vizazi, kimila hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Mwanamke alikuja kwa ndoa, akalima kilichokuwapo. Kahawa ni ya baba, maharage ni ya mama.

Msinielewe vibaya nikisema kahawa ni ya baba. Mama anaichuma, anaianika uani, anaigeuza ili isiote ukungu, anaikimbizia ndani mvua ikinyesha. Siku ya mizani ndipo anapotoweka, kwa sababu jina lililo kwenye daftari la chama cha msingi si lake.

Tubuni kaya moja tuifuate gulioni. Majina hayana haja. Ina baba, mama na watoto wanne, wawili wako shule ya msingi. Maharage yamevunwa, mama amebeba debe moja kichwani. Saa saba mchana anarudi, nanyi chungulieni kikapu chake: pakiti ya chumvi, mche wa sabuni, dagaa waliofungwa kwenye gazeti, mafuta ya kula kwenye chupa iliyokuwa ya maji, madaftari mawili, kalamu moja, na kiberiti. Fedha zimekwisha. Hata nauli hakubakiza, ndiyo maana ametembea.

Kahawa inalipa tofauti. Inakuja mara moja kwa mwaka na inakuja nzito. Baba analipa deni, ananunua mabati, anatoa mchango wa harusi ya mtoto wa kaka yake, anapita kilabuni kunywa rubisi na wenzake, na salio halisemwi. Mwaka mwingine fedha za kahawa zinakuwa zimeliwa kabla kahawa haijaiva. Kagera wanaita butura: mnunuzi anakuja kahawa ikingali ua au ikiwa mbichi mtini, anaikagua, anakadiria, anatoa fedha kidogo taslimu leo, na msimu ukifika mavuno ni yake. Serikali imeipiga vita butura miaka nenda, miaka rudi, na wenye shida bado wanaiuza gizani. Katika kaya yetu ya kubuni, mama alipata habari asubuhi moja alipowakuta vijana asiowajua wakiingia kibanjani na magunia matupu. Mibuni aliipalilia yeye.

Najua mtakalosema, hasa wavulana: kwa hiyo baba ni mbaya, mama ni malaika? Hapana. Nimewaona kina mama wanaocheza upatu mpaka watoto wanalala njaa, na nimewaona kina baba wanaobeba sukari na mkate kila Ijumaa bila kukosa. Jibu liko kwingine, na ili mlione lazima tuvuke bara mpaka Côte d'Ivoire.

Huko, kama sehemu nyingi za Afrika, mume na mke hulima mashamba mbalimbali. Wachumi wawili, Esther Duflo na Christopher Udry, walichukua kumbukumbu za matumizi ya kaya za miaka ya 1980 wakaziweka kando ya kumbukumbu za mvua. Hesabu yao ilikuwa ya werevu. Mvua haimpendelei mtu, lakini mazao hayataki mvua kwa namna moja: mwaka mmoja unayafaa mazao ya wanawake, mwaka mwingine unayafaa ya wanaume. Basi wakauliza, mwaka mvua ilipomfaa mke, kaya ilinunua nini? Jibu likawa chakula. Kikapu kilibadilika kufuata shamba la nani limestawi, ingawa wote wanalala nyumba moja na kula chungu kimoja.

Lakini utamu wa utafiti ule uko kwenye viazi vikuu. Viazi vikuu huko hulimwa na wanaume. Hata hivyo mila inasema faida ya viazi vikuu ni ya nyumba. Si ya mwanamume kuitumia atakavyo. Na kweli, mwaka viazi vikuu vilipostawi, kaya zilitumia zaidi kwenye shule na chakula, si kwenye pombe na tumbaku. Mwanamume yuleyule, fedha mfukoni mwake yeye mwenyewe, lakini zina masharti. Mnaona? Kila shamba lina desturi yake inayosema nani anaruhusiwa kuuliza zilikokwenda fedha. Kahawa ya baba haiulizwi. Maharage ya mama yanaulizwa na watoto wenyewe, kila siku, saa ya kula.

Kwa hiyo tunapozungumza haki ya mwanamke juu ya ardhi, tusidhani ni hisani kwa wanawake kwa kuwa wana moyo mwema. Ni suala la kuhamisha ruhusa ya kuuliza.

Tuirudishe kaya yetu, safari hii tubadilishe kitu kimoja tu: kibanja kina hati, na hati ina majina mawili, la baba na la mama. Jioni mnunuzi wa butura anabisha hodi. Baba ana shida ya fedha kweli, pikipiki imeharibika. Zamani wangemalizana pale nje, kwa sauti ya chini. Sasa mama anatoka na kigoda chake, anaketi, anauliza bei. Pengine watauza, pengine hawatauza; shida ni shida. Lakini mwenye jina kwenye hati anaweza kusema nusu ya mibuni iachwe, ile ya upande wa kisimani, kwa sababu Januari kuna sare na madaftari. Elimu ya msingi haina ada, ila bado hakuna mtoto aliyepelekwa shule bila sare, viatu na mchango wa chakula. Pale kwenye kigoda ndipo hati inapogeuka kuwa viatu.

Kwa nini zamani hakutoka na kigoda? Si kwamba alikuwa bubu. Aliyepewa lifti haamui gari lipite wapi. Mwanamke anayejua kwamba ugomvi ukikua yeye ndiye atakayebeba fungu la nguo na kurudi kwao, huchagua vita vyake kwa uangalifu sana, na vingi huviacha vipite. Wachumi wana hesabu ndefu za kueleza jambo hili. Bibi zenu walilijua bila hesabu. Huko Kerala, India, Pradeep Panda na Bina Agarwal waliwauliza wanawake walioolewa kuhusu kupigwa na waume zao. Kati ya wasio na nyumba wala ardhi, asilimia 49 walikuwa wamepigwa. Kati ya wenye vyote viwili, asilimia 7. Mwenye pa kwenda anasikilizwa. Huko Nepal nako, Keera Allendorf aliona watoto wa kina mama wenye ardhi wana nafasi ndogo zaidi ya kuwa na upungufu mkubwa wa uzito.

Kuna jambo jingine, nalo huwa halionekani upesi kwa sababu linahusu kile ambacho hakinunuliwi. Mama asiye na uhakika na shamba hapandi mti. Mbuni unakula miaka kabla ya kuanza kuzaa. Nani atumie jasho lake kwenye mti ambao shemeji ndiye atakayeuchuma? Atapanda maharage ya miezi mitatu. Akiba yake ataiweka kwenye kikoba, au atanunua mbuzi wawili akawafuge kwa mama yake mzazi, mbali na macho ya wakwe. Si wizi huo. Ni mtu anayejiwekea akiba mahali ambapo hataweza kufukuzwa. Huko Akwapim, Ghana, Markus Goldstein na Udry waligundua kwamba watu wasio na nguvu kwenye siasa za kijiji, wanawake wakiwa wengi wao, hawaliachi shamba lipumzike ipasavyo kwa kuogopa kulikuta limechukuliwa. Udongo unachoka, mavuno yanapungua, na hasara inaliwa na nyumba nzima, baba akiwemo.

Na Burkina Faso, Udry huyohuyo (mtu huyu ana udadisi wa mashamba ya watu!) aliandika mwaka 1996 kwamba ndani ya kaya moja, zao moja, mwaka mmoja, shamba la mke lilitoa karibu asilimia 30 pungufu kuliko la mume. Mke si mvivu. Samadi ilimwagwa karibu yote kwa mume. Kuhamisha sehemu ya samadi na nguvu kazi kutoka shamba moja kwenda jingine, bila kuongeza hata shilingi, kungeongeza mavuno ya kaya kwa takriban asilimia 6. Madebe ya nafaka yalikuwa yanapotea kwa sababu mpaka wa shamba ulikuwa pia mpaka wa toroli la samadi.

Turudi nyumbani. Sheria zetu zinasemaje?

Kwa ardhi, zinasema vizuri, na ni vyema mzijue kwa majina. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, zilianza kutumika Mei 2001. Ya kwanza inatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawa na mwanamume. Ya pili inasema mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya ardhi ni batili kijijini. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Na kuna kifungu ninachokipenda kuliko vyote: ardhi ikiandikwa kwa jina la mwanandoa mmoja, na mwenzake ameitolea jasho kuilima au kuiendeleza, huyo mwenzake naye anapata haki ndani yake. Yaani yale mapalizi ya mibuni yanahesabika.

Kwa mirathi ndipo tunapokwama. Lile tangazo la 1963 linasema mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga walilipinga. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2006 kwamba kweli lina ubaguzi, lakini ikakataa kulifuta. Wakapeleka malalamiko hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema haki zao zilivunjwa. Mjane anayehamishwa kibanjani hapotezi majani tu. Anapoteza sufuria ya kesho, na watoto wanapoteza mwaka wa shule wakati watu wazima wanabishana kwenye matanga.

Hati peke yake haina miujiza, nami sitawadanganya. Jirani zetu wa Rwanda walitunga sheria ya mirathi mwaka 1999 iliyompa binti haki sawa na kaka yake, kisha wakaipima na kuisajili ardhi ya nchi. Daniel Ayalew Ali, Klaus Deininger na Goldstein waliyachunguza maeneo ya majaribio: wenye mashamba yaliyosajiliwa waliongeza kazi ya kuhifadhi udongo, na kaya zinazoongozwa na wanawake ziliongeza zaidi. Lakini kulikuwa na mke aliyeachwa nje, yule asiye na cheti cha ndoa. Mume na mke wenye cheti kwa kawaida waliandikwa wote wawili. Waliokaa pamoja tu, mke mara nyingine alijikuta haki yake imefifia kuliko kabla ya usajili. Karatasi inaandika kilichothibitishwa, basi.

Na hapa Kagera kwenyewe? Amber Peterman alitumia kumbukumbu za kaya zilizofuatiliwa tangu 1991 hadi 2004, akaziangalia jamii ambamo haki za wanawake za mali na urithi ziliboreka. Aliona wanawake wa jamii hizo wanafanya zaidi kazi za kuajiriwa na biashara zao wenyewe, na kipato chao kinapanda. Mtu aliyetulia kwenye ardhi anathubutu kufungua genge.

Kina baba wengi wanaogopa jambo hili, nami nimewasikia. Wanasema: nikimwandika, ataniuzia shamba nikiwa safarini. Haiwezekani. Hati ya majina mawili inadai saini mbili. Inamzuia mke kuuza peke yake kama inavyomzuia mume. Anayepoteza kwa hati hiyo ni mnunuzi wa butura anayekuja jioni, na ndugu anayesubiri matanga. Kina baba wakilielewa hilo, wengi hawana ubishi.

Sasa kazi yenu. Hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa na kijiji, na nakala hukaa masjala ya ardhi kwenye ofisi ya kijiji. Likizo ijayo waombeni wazazi wawaonyeshe hati ya nyumbani, msome majina yaliyomo. Kama ardhi yenu bado haijapimwa, siku wapimaji watakapokuja mama asiwe amekwenda kisimani. Awepo, na jina lake liandikwe kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, si "Mama Fulani".